Mabati Arobaini na Mawili

Nilitoa mabati arobaini na mawili.
Mnaona? Miaka sita imepita
na hesabu bado iko mdomoni
kama kokwa ya furu niliyokataa kuitema.

Ulikuwa mwaka wa asali. Msitu wa Sikonge ulichanua wote,
mizinga yangu ya magome ikalemea matawi.
Niliuza ndoo kwa ndoo mjini Tabora,
nikarudi juu ya lori, mabati yakiwaka jua
hata watoto njiani wakafumba macho.
"Ni kazi ya Bwana," nikasema. "Msinitaje."
Nililisema hilo mara nne, kwa watu wanne tofauti.

Siku ya kuweka wakfu nilivaa koti la harusi yangu.
Katibu Msonde akasimama na daftari la matangazo:
kikao cha akina mama, mbuzi aliyepotea,
shukrani kwa waliochanga misumari,
kwa Kalunde aliyewapikia mafundi uji,
kwa vijana waliobeba mchanga.
Akageuza ukurasa.
Akaketi.

Nilingoja, jamani. Nilingoja kama mtu
anayengoja chenji dukani.
Kwaya iliimba nisisikie neno.
Macho yalikuwa juu, na kila bati
liliniita jina, kwa sauti ndogo, kwa zamu.

Nyumbani Nyanzala akaniuliza mbona sili.
Nikasema tumbo.
Akanisogezea bakuli la mlenda.
"Tumbo lako leo limepanda," akasema,
"limefika kifuani."

Wiki ile nilikwenda porini kukagua mizinga.
Mmoja, ule mkubwa juu ya mninga,
nje ulikuwa mzima: gome laini, kamba imara.
Nikaufungua. Hamna nyuki.
Nondo wa nta walikwisha kuingia,
masega yamekuwa utando na vumbi.

Kwenye mizinga mingine nilitazama mlangoni.
Wapo nyuki ambao siku hiyo hawaendi mauani,
kazi yao kumnusa kila anayeingia.
Nondo havunji mlango.
Huja usiku, mdogo, amevaa rangi ya gome lenyewe.
Nilikaa chini machozi yakinitoka.
Tuseme ni moshi.

Tangu hapo nikahamia benchi la nyuma,
pamoja na wanaochelewa na watoto wenye kikohozi.
Nikajisikia mwepesi. Nikajisikia mnyenyekevu.
Mwezi wa pili nikajikuta nanyoosha shingo
kuona kama mchungaji ameona nilipokaa.
Nondo yule yule.
Amebadili mlango tu.

Kisha Novemba, katikati ya mahubiri, mvua ya kwanza.
Ilipiga mabati yote, mahubiri yakazama,
wala haikuuliza nani alilipa.
Na juu ya benchi langu, tone.

Msumari ule niliupigilia mimi.
Siku ya kuezeka nilimnyang'anya fundi Lutamla nyundo
ili nionekane nayo. Ukaenda mshazari.
Sasa tone likanipata utosini, penye upara,
na mtoto mmoja akacheka katikati ya kukohoa.
Nami nikacheka.
Sikupanga. Nadhani ndilo jambo la kwanza
nililolifanya kanisani mwaka ule bila kujitazama.
Kalunde akaja na beseni,
akaliweka miguuni pangu, akarudi kukaa.

Siku hizi naomba kwa kifupi.
Siombi kiburi kiondoke chote kwa mara moja,
maana siku hiyo ningeitangaza.
Naomba mlinzi mmoja mlangoni,
mdogo, mwenye pua kali,
amnuse kila anayekuja
amevaa rangi yangu.

Lutamla anataka kuziba lile tundu.
Nimemwambia asubiri mvua ziishe.
Hiyo nayo, Bwana, sijui
ni toba
au ni maonyesho.